LDH haitaji jina: niliyojifunza kwenye benchi ya kemia ya damu

Nimefanya kazi kwenye kemia ya damu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika vipimo vyote vinavyopita mikononi mwangu sijaona kinachoonewa kama LDH. Mmoja atakiita cha kizamani, hakisaidii, maana hupanda kwa kila kitu. Mwingine atakigeuza kipimo cha saratani: akiona namba imevuka kikomo, usiku halali. Wote wawili wanataka LDH iwatajie jina la ugonjwa, na jina haitaji. Inachosema ni kiasi na kasi. Kwa mgonjwa ambaye saratani yake tayari inajulikana, hivyo viwili ndivyo daktari anavyovitafuta.

LDH ni kifupi cha laktati dihidrojenesi, kimeng'enya kilichomo karibu katika kila seli ya mwili. Seli inapovunja glukosi hufika kwenye kitu kiitwacho piruvati. Oksijeni ikitosha, piruvati huingia kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na kuchomwa hadi mwisho. Isipotosha, LDH huigeuza piruvati kuwa laktati, na kwa kufanya hivyo hurudisha molekuli ya NAD ambayo bila hiyo uvunjaji wa glukosi ungekwama. Mtu akikimbia kwa nguvu zake zote, misuli yake inaishi hivyo kwa muda.

Saratani huishi hivyo hata oksijeni ikiwa tele. Mjerumani Otto Warburg aliliona jambo hili katika miaka ya 1920: uvimbe unafyonza glukosi kwa pupa na kumwaga laktati. Ukipiga hesabu ya nishati ni ubadhirifu mtupu, kwa sababu molekuli moja ya glukosi kwa njia hiyo huzaa ATP (molekuli za nishati) 2 tu, na ikichomwa hadi mwisho huzaa kama 30. Warburg alidhani mitokondria za saratani zimeharibika. Kwa saratani nyingi haikuwa hivyo. Seli inayogawanyika haraka inahitaji pia malighafi ya kujengea seli mpya, na njia hii ya haraka inaipatia. LDH ndiyo inayoifanya njia isizibe. Jeni liitwalo MYC likiamshwa kupita kiasi, seli hutengeneza LDH zaidi. Na uvimbe ukikua hadi mishipa yake ya damu ikashindwa kuulisha, upungufu wa oksijeni nao huongeza LDH hiyohiyo. (Ulafi huohuo wa glukosi ndio unaotumiwa na picha za PET: mgonjwa hudungwa glukosi yenye mionzi, kimeng'enya kingine kiitwacho heksokinesi huinasa ndani ya seli, na uvimbe unang'aa kwenye picha.)

Sasa, LDH iliyomo ndani ya seli haimsumbui mtu. Tunayoipima sisi ni ile iliyotoka. Seli ikifa au utando wake ukipasuka, kimeng'enya humwagika kwenye damu. Ini likiumia, msuli ukipondwa, chembe nyekundu zikipasuka kwa malaria au seli mundu, pafu likiugua, uvimbe ukikua na kufa kwa mkupuo mmoja, LDH hupanda. Namba ni moja kwa wote.

Aliyenifundisha jambo hili vizuri kuliko kitabu ni mama mmoja mtu mzima aliyeletwa amepauka, amechoka, karatasi yake imeandikwa kwamba huenda ni lukemia. LDH yake ilipita 3,000, na kikomo cha juu kwa mtu mzima kwenye mashine kama yetu ni karibu na 250. Mwanawe alikuwa ameshaambiwa na mtu kwamba LDH ya namna hiyo ni saratani ya damu, basi, habari imekwisha. Mama aliniuliza wakati natoa damu nyingine: "Mwanangu, wewe ndiye unayepima. Ni kweli?" Nikamwambia: "Mama, mimi napima seli zinazokufa. Zinakufa kwa nini, hiyo namba haijui. Tuitazame damu yenyewe."

Mwenzangu wa hematolojia akaweka tone kwenye kioo na kulipaka. Chini ya darubini chembe nyekundu zilikuwa kubwa kuliko kawaida, nyingine umbo la yai, na chembe nyeupe za neutrofili zilikuwa na viini vilivyogawanyika vipande 6 na 7 badala ya 3 au 4. Hiyo ni picha ya upungufu wa vitamini B12. Katika hali hiyo uboho ulio ndani ya mifupa unatengeneza chembe kwa wingi lakini nyingi zinafia humohumo kabla ya kutoka, na kila inayokufa inaacha LDH yake. B12 ilipimwa, ikawa chini kabisa. Alianza sindano, na LDH ikashuka hata kabla damu haijapanda vya kutosha. Nimeona saratani chache sana zenye LDH kubwa kama ya yule mama.

Kwa hiyo sipendi kuiona LDH kwenye vifurushi vya kuchunguza afya ya mtu mzima asiye na dalili. Atakayevuka kikomo kidogo ataanza safari ya picha na vipimo ambayo mara nyingi haina mwisho wa maana. Wapo hata watu ambao LDH yao imejishika na kingamwili, ikawa haiondoki haraka kwenye damu. Namba iko juu siku zote na hawana ugonjwa wowote. Waswahili tunasema dalili ya mvua ni mawingu, na LDH ni wingu kweli, ila ni wingu linaloonekana kutoka kila upande wa anga.

Mambo hubadilika pale kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kikishachukuliwa, patholojia ikatoa jibu, na ugonjwa ukawa na jina. Hapo ile namba iliyokuwa haieleweki inaanza kuwa na uzito. Kwa limfoma (saratani za tezi za limfu) zinazokua kwa kasi, tangu mwaka 1993 madaktari hutumia hesabu ya mambo matano: umri kuzidi miaka 60, ugonjwa kufika hatua ya III au IV, mgonjwa kushindwa kujihudumia vya kutosha, ugonjwa kuwa nje ya tezi katika sehemu zaidi ya moja, na LDH kuvuka kikomo. Kila moja alama 1. Mambo manne kati ya hayo hupatikana kwa kumuuliza mgonjwa, kumtazama, kusoma picha na kupima uboho. La tano linatoka kwenye tyubu moja ya damu, na bado lina uzito sawa na mengine. Melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyosambaa nayo ni hivyo: LDH imo ndani ya hatua yenyewe ya ugonjwa, na mgonjwa mwenye LDH ya juu huandikwa tofauti na mwenzake ambaye ugonjwa wake umefika kwenye viungo vilevile lakini LDH yake ni ya kawaida.

Saratani ya korodani ndiyo ninayoipenda kuieleza kwa wanafunzi, kwa sababu pale sababu inaonekana hadi kwenye jeni. LDH ni vipande vinne vilivyoungana, na vipande hivyo ni vya aina mbili, H na M. Jeni la aina ya H liko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 12, na uvimbe wa korodani unaotokana na seli za uzazi una kawaida ya kuwa na nakala za ziada za mkono huohuo. Daktari huitazama LDH pamoja na AFP na hCG, vipimo vingine viwili vya damu vya saratani hiyo, na hapo hatosheki na kusikia "iko juu". Anauliza ni mara ngapi ya kikomo: chini ya mara 1.5, kati ya 1.5 na 10, au zaidi ya 10. Kila fungu lina mpango wake. Kijana mwenye ugonjwa huo ana nafasi kubwa ya kupona hata ukiwa umesambaa, kwa hiyo kumweka kwenye fungu lisilo lake ni hasara ya kweli, ama apewe dawa pungufu, ama aongezewe mizunguko ya dawa asiyoihitaji.

Na hapa ndipo mikono inapoingia. Mashine haihesabu kimeng'enya, inapima kazi yake. Seramu ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe, huchanganywa na laktati na NAD kwenye nyuzi joto 37, kisha mwanga wa nanomita 340 hupitishwa katikati. NADH, yaani NAD iliyopokea hidrojeni kutoka kwa laktati, hunyonya mwanga huo, na kadiri unavyopungua kwa kasi ndivyo LDH ilivyo nyingi. Kitu kinachopimwa kwa kazi yake kinaweza kuharibiwa kwa namna nyingi kabla ya kufika kwenye mashine.

Kubwa kuliko zote ni chembe nyekundu kupasukia ndani ya tyubu. Ndani ya chembe nyekundu mna LDH zaidi ya mara 100 ya ile iliyo kwenye majimaji ya damu. Sindano nyembamba mno, mpira uliofungwa mkononi kwa muda mrefu, bomba lililovutwa kwa nguvu kisha damu ikasukumwa kupita kizibo, tyubu iliyotikiswa badala ya kugeuzwa taratibu: yoyote kati ya hayo yanatosha. Damu ikishazungushwa, seramu inayotakiwa ni ya njano iliyopauka. Ukiiona imeingia wekundu, hata ule wa waridi hafifu unaoonekana tu ukiinua tyubu kwenye mwanga, LDH hiyo usiitoe. Mashine za sasa hupima wekundu huo zenyewe na kuweka alama, lakini nimezoea kuinua tyubu. Macho hayachukui muda.

Kulikuwa na mgonjwa wa limfoma aliyekuwa katikati ya matibabu, LDH yake inashuka kila akija, halafu siku moja ikaja mara mbili ya iliyopita. Potasiamu nayo imepanda, na tyubu ina wekundu. Nilipiga simu kliniki.

"Daktari, hiyo LDH naomba usimpe mgonjwa kwanza. Nahitaji damu nyingine."

"Ndugu yangu, nimeshaanza kuandika apigwe picha upya."

"Andika, lakini damu ije kwanza. Atolewe kwenye mshipa mkubwa, na mpira ulegezwe damu ikianza kutiririka."

Damu ya pili ilikuwa ya njano safi na namba ilikuwa pale ilipotarajiwa. Picha haikupigwa. Kuna upande wa pili wa jambo hili, na mwanafunzi asiusahau: sampuli ya mgonjwa mmoja ikija na wekundu kila mara, hata akitolewa na mtu hodari, acha kumlaumu mtoa damu. Huenda chembe zinapasukia ndani ya mwili, na hiyo ni habari ya kumfikishia daktari upesi.

Baridi ina hila yake. Watu wengi hudhani friji hutunza kila kitu. LDH ya aina iliyojaa kwenye ini na misuli hupoteza nguvu kwenye baridi, na tyubu iliyolala kwenye friji inaweza kutoa jibu la chini kuliko ukweli. Namba ya uongo iliyo juu angalau inasumbua, mtu atauliza. Ya uongo iliyo chini inatuliza, na hakuna atakayepiga simu. LDH yetu hukaa kwenye joto la chumba na hupimwa siku hiyohiyo.

Sheria hiyo ya joto la chumba iliniingia akilini kabisa kwa sababu ya mtoto mmoja mwenye limfoma ya Burkitt, ugonjwa ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Ni kati ya saratani zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na MYC ndiyo jeni iliyovurugika ndani yake. LDH ya mtoto yule ilikuwa mara nyingi ya kikomo kabla ya dawa yoyote. Kwa daktari hiyo ilikuwa onyo la jambo mahususi: uvimbe mkubwa kiasi hiki, ukipigwa tibakemikali, utakufa wote kwa pamoja na kumwaga vilivyomo. Potasiamu hupanda hadi moyo ukavurugika, fosfeti hupanda na kuishusha kalsiamu, asidi ya yuriki hupanda na kuziba figo. Kwa hiyo mtoto aliwekewa maji ya mshipa kwa wingi kwanza, na akapangiwa dawa iitwayo rasburikesi, ambayo nayo ni kimeng'enya. Kazi yake ni kuivunja asidi ya yuriki, kazi ambayo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya chake. Kabla ya kuipata alipimwa G6PD, maana mwenye upungufu wa kimeng'enya hicho akipewa rasburikesi chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka vibaya.

Kwetu maabara ikawa hivi. Rasburikesi haiachi kazi damu ikishatoka mwilini. Inaendelea kuila asidi ya yuriki ndani ya tyubu, na ukipima baada ya saa moja utaambiwa yote ni salama. Tyubu hiyo lazima iwe imepozwa, itumbukizwe kwenye barafu papo hapo, izungushwe kwenye baridi na ipimwe haraka. Tyubu ya LDH na potasiamu, kinyume chake, haitakiwi kuiona barafu. Kila saa chache muuguzi alikuwa anashuka mwenyewe na tyubu mbili za mtoto mmoja, moja kwenye kikombe cha barafu na nyingine mkononi, akisema kabla hajaulizwa: "Ya baridi yuriki, ya joto LDH." LDH ilipanda zaidi mara baada ya dawa kuanza, kama tulivyotarajia, kisha ikaanza kuporomoka. Figo zilihimili.

Suala la kukitibu kimeng'enya chenyewe hunijia kwa njia ya makaratasi. Watu wanasoma. Mzee mmoja alikuja na mdogo wake, mgonjwa wa limfoma, wamebeba karatasi iliyochapishwa kuhusu dawa inayozuia kimeng'enya cha saratani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024. "Kijana wangu, LDH ya mdogo wangu iko juu. Kwa nini hapewi hii?"

Karatasi ilihusu vorasidenibu, dawa ya uvimbe wa ubongo, na kimeng'enya chenyewe ni IDH. Herufi moja tu imebadilika, lakini habari ni nyingine kabisa. IDH ni kimeng'enya cha hatua nyingine ya kuchoma chakula cha seli. Mwaka 2008 waliokuwa wakisoma jeni za uvimbe wa ubongo waligundua kwamba katika baadhi ya wagonjwa jeni la IDH limebadilika, na mwaka uliofuata ikajulikana kwamba kimeng'enya kilichobadilika kinatengeneza kemikali ambayo huvuruga uwashaji na uzimaji wa jeni, na seli zinabaki changa zisikomae. Hapo dawa ina mahali pa kushika: mabadiliko yako ndani ya saratani tu, seli zenye afya hazina. Enasidenibu ilipata idhini Marekani mwaka 2017 na ivosidenibu mwaka 2018, zote kwa aina ya lukemia, kabla ya hii ya uvimbe wa ubongo. Na aina ile ya IDH hutafutwa kwenye kinyama au kwenye seli za lukemia zenyewe; kupanda kwa LDH kwenye damu hakuhusiani nayo.

"Basi hii yenu haina dawa?"

Nilimjibu kwamba zimejaribiwa nyingi maabara, na hadi leo hakuna iliyoingia kwenye matibabu ya kawaida. LDH ya saratani haijabadilika; ni ileile ya msuli wake na ini lake, ila imezidi. Kuna watu waliozaliwa bila aina ya LDH ya misuli na wanaishi, tatizo lao likiwa hasa misuli kukakamaa na kuumia wakifanya kazi nzito, na hilo liliwapa watafiti matumaini kwamba kuizuia hakutaua mtu. Lakini seli za saratani zikizibiwa njia hii nyingi hurudi kwenye mitokondria zao na kuendelea na maisha. Maoni yangu, na ni ya mtu wa benchi tu, ni kwamba dawa hizo zikifika zitafika zikiwa zimeunganishwa na nyingine, hasa zile za kuamsha kinga ya mwili, kwa sababu laktati inayorundikana kuzunguka uvimbe ndiyo inayozilegeza chembe za kinga zinazokuja kuushambulia.

Mzee alikunja karatasi yake. Mdogo wake, aliyekuwa kimya muda wote, akaniomba kitu kidogo zaidi: LDH zake zote tangu aanze kemo, kwenye mstari mmoja, amwonyeshe daktari Jumatatu. Zilikuwa zinashuka, isipokuwa moja iliyoruka juu katikati ya mizunguko. Nilitazama tarehe. Siku chache kabla yake alikuwa amedungwa sindano ya kuongeza chembe nyeupe, na uboho ukichapuliwa namna hiyo LDH hupanda kwa siku kadhaa bila saratani kuhusika. Nikazichapa zote kwa mpangilio, na pembeni ya ile moja nikaandika kwa kalamu: baada ya sindano, isisomwe pamoja na nyingine.